Chakula bila nafaka jikoni Mwanza: kimekosea wapi, na unakirekebishaje

Kupika bila mahindi, mchele, ngano, mtama, uwele wala ulezi hapa Mwanza hakuhitaji kuagiza kitu kutoka mbali. Muhogo wa Ukerewe, viazi vitamu vya Sengerema na Misungwi, ndizi zinazoshuka na meli ya Bukoba, dengu za Magu na Kwimba, karanga, maboga, na samaki wa ziwa letu: vyote vipo sokoni, na vingi bei yake haishindi sembe. Hata hivyo wengi hujaribu siku chache kisha wanarudi kwenye ugali wa mahindi. Ukiwauliza kwa nini, majibu yanafanana. Hakishibishi. Kinanata. Kina maji maji. Watoto hawakitaki. Malalamiko haya nayachukulia kwa uzito, kwa sababu mtu asiyefurahia sahani yake hadumu nayo, hata kama daktari ndiye aliyemwambia aache ngano.

Kwanza tuelewane jambo moja, maana linaeleza nusu ya matatizo yote yaliyo hapa chini. Unga wa mahindi na mchele mkavu vina maji kiasi cha asilimia 12 tu. Muhogo mbichi una karibu asilimia 60, ndizi mbichi na viazi vitamu karibu asilimia 70, viazi mviringo karibu 80. Mkono uliolelewa na ugali na wali umezoea chakula kinachokunywa maji, kwa hiyo unamimina bila kufikiri. Mizizi na ndizi zimekuja na maji yake tayari. Basi chakula kikikukataa, jiulize kwanza: maji yameingia kutoka wapi, na yalipewa nafasi ya kutoka?

Viazi vitamu vimekuwa rojorojo na havina utamu

Sababu ya kawaida ni sufuria kujazwa maji mpaka viazi vinaogelea. Utamu unayeyuka humo, nawe unaumwaga. Tandika majani ya mgomba au vijiti safi chini ya sufuria, weka maji yasiyozidi vidole viwili, panga viazi na maganda yake, funika vizuri, na uviache viive kwa mvuke. Vikiiva mwaga maji yaliyobaki, rudisha sufuria kwenye makaa yaliyofifia kwa dakika tano, kifuniko kikiwa wazi kidogo. Hapo ndipo vinapokauka na kuwa vya unga.

Sababu ya pili ni haraka. Kiazi kitamu kina kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari wakati joto linapanda, lakini joto likipanda ghafla mno kazi hiyo inakatika mapema. Kiazi kilichofukiwa kwenye majivu ya moto kinakuwa kitamu kuliko ndugu yake aliyetoka shamba moja naye akachemshwa kwa moto mkali. Anza na moto mdogo.

Na ya tatu ni kiazi chenyewe. Vilivyochimbwa mvua zikiwa nyingi huwa na maji zaidi, na viazi lishe vile vya rangi ya chungwa kwa kawaida ni laini kuliko vyeupe. Ni vizuri sana kwa vitamini A, lakini usivitegemee pale unapotaka kiazi kikavu cha kusindikiza mchuzi. Viponde na karanga, au vitumie kwenye supu.

Kama tatizo lako ni kinyume chake, kwamba kiazi ni kitamu mno na kinapigana na samaki, ongeza ndimu na pilipili kwenye samaki. Usihangaike na kiazi.

Ugali wa muhogo unavutika, unashika vidole na koo

Hili ndilo linalowakatisha watu tamaa kuliko yote, na linastahili muda.

Wanga wa muhogo huvimba upesi na kuvutika kuliko wa mahindi. Ukianza kama unavyoanza ugali wa sembe, yaani kukoroga uji kwanza kisha kuongeza unga kidogo kidogo huku ukisonga kwa muda mrefu, unaupa kila nafasi ya kuwa mpira. Fanya hivi badala yake. Chemsha maji mpaka yatokote kabisa. Kwa kuanzia, kikombe kimoja cha maji kwa kikombe kimoja cha unga, na maji mengine ya moto yawe pembeni. Mimina unga wote kwa mara moja katikati ya sufuria, uache utokote dakika moja au mbili bila kuugusa, halafu songa kwa nguvu na kwa muda mfupi. Ukiwa mgumu, nyunyizia maji ya moto. Ukiwa laini, ongeza unga mara moja tu, usonge, uache. Alama ya kuacha ni rangi: unga mbichi ni mweupe usiopitisha mwanga, ulioiva unakuwa na kijivu cha kung'aa. Weupe ukishaisha, kila mzunguko wa mwiko baada ya hapo unaongeza kuvutika.

Bado unanata? Angalia unga. Muhogo uliokatwa ukaanikwa moja kwa moja, yale makopa, hutoa ugali unaovutika zaidi. Udaga, ambao muhogo wake umevundikwa au kulowekwa siku kadhaa mpaka ukalainika kabla ya kuanikwa, hutoa ugali uliokolea, wenye uchachu kidogo, na mgumu mkononi. Kwa mtu anayetoka kwenye mahindi mimi humshauri aanze na udaga, na asianze na mboga nyepesi. Udaga na dagaa wa nyanya, au udaga na mlenda uliotiwa karanga, ni chakula kamili ambacho watu wa visiwani wamekila vizazi na vizazi bila kujiona wamenyimwa kitu.

Mwisho, unga wenye unyevu hauwezi kusongeka vizuri. Ukikamata konzi ukaufinya nao ukabaki donge, uanike tena juani kabla ya kupika.

Muhogo ni mchungu

Hapa usirekebishe kwa chumvi wala kwa sukari. Acha kula.

Uchungu ni dalili ya kemikali zinazozalisha sayanaidi. Mihogo mitamu ina kidogo, na kumenya na kuchemsha kunatosha. Mihogo michungu ina nyingi, na kuchemsha peke yake hakutoshi. Ni lazima ilowekwe au kuvundikwa siku kadhaa, ianikwe mpaka ikauke kabisa, ndipo isagwe. Wakati wa njaa watu hufupisha hatua hizi, na matokeo yake tunayajua: mwaka 1985, wakati wa ukame, ugonjwa wa konzo ulipoozesha miguu ya watu wilayani Tarime, ng'ambo tu ya mkoa wetu, walipokula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha na hawakuwa na kitoweo cha kuwapa protini.

Kwa hiyo sokoni uliza waziwazi: "Mama, huu ni wa kuchemsha au wa unga?" Muuzaji anayejua mzigo wake hujibu bila kusita. Asiyejua, nenda meza ya pili. Kisamvu nacho kitwangwe vizuri na kichemshwe muda mrefu bila kufunikwa. Mtu akila muhogo kisha akaanza kizunguzungu, kutapika na maumivu ya kichwa, apelekwe hospitali mara moja.

Umeacha ngano lakini mwili bado unasumbua

Kwa mwenye mzio wa ngano au ugonjwa wa siliaki (utumbo unaodhurika na protini ya ngano iitwayo gluteni), kitu kidogo kinatosha kuharibu. Vitu vinavyojificha karibu nasi ni hivi. Mashine ya kusaga: kabla ya muhogo wako, yaelekea ilisaga mahindi au ngano. Omba usagiwe asubuhi mashine ikiwa imesafishwa, na kilo za mwanzo mpe mwingine. Kwa anayeepuka nafaka zote, unga wa muhogo wa kupimiwa: huku kwetu ni kawaida kuchanganya muhogo na mtama au uwele ili ugali usinate, na muuzaji haoni kama anakudanganya, maana ndivyo wengi wanavyoupenda. Nunua makopa au udaga, ukasagishe mwenyewe. Vidonge vya supu, sosi ya soya na soseji: soma pakiti. Hamira ya unga ya keki (baking powder) mara nyingi huchanganywa na wanga wa mahindi au ngano. Na mafuta ya kibandani yaliyokaanga maandazi asubuhi ndiyo hayo hayo yanayokaanga chipsi zako mchana.

Maharage, choroko, kunde, dengu na karanga si nafaka. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wakiviacha pamoja na mahindi, wakabaki na viazi na maji.

Na anayetumia dawa za kisukari ajue kwamba kuacha nafaka hakujaondoa wanga mezani. Muhogo na viazi vimejaa wanga. Azungumze na daktari wake kuhusu kiasi, hasa kabla ya kubadilisha mlo wote kwa mpigo.

Samaki anashika kikaango, ngozi inabaki chini

Waliozoea kumpaka unga wa ngano hukutana na hili siku ya kwanza. Sababu ni maji tena. Sato aliyetoka kuoshwa amelowa ndani ya chale na kwenye tumbo. Mpake chumvi, mwache dakika ishirini, chumvi itatoa maji. Yafute kwa kitambaa safi, hata ndani. Mafuta yawe ya moto kabla samaki hajaingia: chovya ncha ya mwiko wa mti, ukiona mapovu madogo yanauzunguka, yako tayari. Halafu usimguse. Upande wa chini ukishakauka utaachia wenyewe. Anayemgeuza mapema ndiye anayemchana.

Ukitaka ganda la kukwaruza, mpake unga mkavu wa muhogo, kidogo sana, ukung'ute uliozidi. Unga wa dengu pia unafaa na una ladha nzuri zaidi, ila huungua upesi, kwa hiyo punguza moto. Sangara ana mafuta mengi na nyama yake huachana kwa mapande. Mkate vipande vinene, au mpeleke kwenye mchuzi moja kwa moja. Kwa supu, mapanki ya sangara (kichwa na mifupa inayobaki minofu ikishatolewa) yaliyochemshwa na tangawizi, vitunguu na ndimu hayahitaji unga wowote kuwa mazito: ponda viazi mviringo viwili ndani yake.

Dagaa wana mchanga, au ni wachungu

Mchanga unatokana na kuanikwa chini ufukweni. Pale Mwaloni, Kirumba, utawakuta pia walioanikwa kwenye vichanja; bei iko juu kidogo na inalipa. Ukiwa na wa mchanga, wakaange kwanza bila mafuta wakauke, wapepete, kisha uwaoshe kwa maji ya vuguvugu mara kadhaa, ukiwainua kwa mkono kutoka kwenye beseni. Ukiwamwaga pamoja na maji, mchanga unarudi juu yao.

Uchungu ukiwa mdogo unatoka kwenye vichwa na matumbo, chambua. Ukiwa ni ule uchungu wa mafuta yaliyochacha, wenye harufu kali inayobaki hata baada ya kuosha, dagaa wamezeeka. Hakuna kiungo kitakachowaokoa.

Ndizi au viazi haviivi, vimebaki na kiini kigumu

Uliweka nyanya au ndimu mapema. Uchachu huzuia mmea kulainika, na kanuni hiyo inashika pia kwa maharage. Chemsha ndizi na vitunguu na chumvi mpaka zichomeke kwa kisu bila shida, ndipo mchuzi wa nyanya uingie.

Kama ndizi zimekuwa nyeusi kabla hata ya kupikwa, zilikaa wazi baada ya kumenywa. Zimenyie ndani ya beseni la maji yenye chumvi kidogo, na mikono ipakwe mafuta ili utomvu usiing'ang'anie.

Magimbi yanawasha koo

Hayajaiva. Yana chembe ndogo zenye ncha zinazochoma, nazo hutulizwa kwa kuchemshwa sana. Mwaga maji ya kwanza, chemsha tena mpaka yachomeke kwa uma, na usionje yakiwa nusu.

Umekula sahani nzima, saa kumi njaa imerudi

Watu husema muhogo "haukai tumboni". Nadhani wanaulaumu bure. Muhogo una protini ndogo sana, chini hata ya mahindi, ambayo nayo hayana nyingi. Ukiondoa ugali wa mahindi ukaweka viazi, huku mboga ikibaki kijiko kile kile cha mchicha pembeni, umepunguza kilichokuwa kinakushikilia. Katika mlo bila nafaka kitoweo hakiwezi kuwa cha kuteremshia. Ndicho kinachobeba mlo. Samaki awe kipande cha maana, maharage yawe bakuli, mboga za majani ziungwe kwa karanga mpaka zionekane zimeungwa.

Karanga ndiyo dawa yetu ya bei nafuu. Nazi inasafiri kutoka pwani na bei yake inaonyesha. Karanga zimelimwa hapa hapa. Futari ya boga na muhogo iliyoungwa kwa karanga inashibisha kuliko ile ya tui, na kwangu mimi ni tamu zaidi. Mchuzi wa karanga ukishika chini au ukikatika, ujue ulitia karanga kavu kwenye sufuria inayotokota. Zikoroge kwanza kwa maji ya vuguvugu, zitie mwishoni, moto mdogo, na mwiko usipumzike. Chambua karanga zako kabla ya kusaga: zilizosinyaa, zenye ukungu au rangi ya ajabu zitupwe, kwa sababu sumukuvu haiondoki kwa kupikwa.

Jaribu pia michembe na matobolwa, viazi vya Wasukuma vilivyokatwa na kukaushwa, vibichi au baada ya kuchemshwa. Vikipikwa na karanga asubuhi, mtu anafika mchana bila kutafuta andazi.

Tumbo linajaa gesi

Mara nyingi ni maharage na kunde zilizoongezeka ghafla. Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, na maharage mekundu yatokote kwa nguvu dakika kumi za mwanzo kabla ya kupunguza moto. Choroko huwa pole zaidi kwa tumbo. Anzia hapo, uongeze taratibu.

Chapati inavunjika

Kinachoshikilia chapati ya ngano hakipo kwenye muhogo, na kuongeza maji baridi hakukileti. Unahitaji wanga ulioiva tayari. Chukua muhogo uliochemshwa na kupondwa ukiwa moto bado, changanya na unga wa muhogo kiasi sawa, chumvi, kijiko cha mafuta, na maji ya moto matone kwa matone mpaka donge lishikane. Sukuma kati ya mifuko miwili safi ya plastiki. Choma kwenye kikaango cha moto wa wastani. Hazitakuwa na matabaka ya chapati za ngano, na nakuomba usizipime kwa hizo.

Rahisi kuliko hizo ni chapati za maji za dengu: kikombe kimoja cha unga wa dengu, kikombe kimoja cha maji, chumvi, kitunguu, pilipili. Acha nusu saa kabla ya kumimina. Zikiwa na uchungu, hazijaiva katikati. Zimimine nyembamba zaidi.

Nyumbani wanalalamika, unapika sufuria mbili

Ukianza kwa kuweka mezani "ugali wa mgonjwa", umeshindwa kabla ya kunawa mikono. Mzee atasema, "Mwanangu, mimi bila ugali sijala," na ana haki ya kusema hivyo. Anza na vyakula ambavyo hakuna anayeuliza nafaka iko wapi: ndizi na sato kwenye sufuria moja, muhogo wa kukaanga na kachumbari, viazi na maharage, supu ya kuku na magimbi. Weka hivyo jioni kadhaa kabla hujagusa ugali. Anayetaka sembe asongewe mchana pembeni, kwa mwiko wake na sufuria yake kama kuna mwenye mzio. Watoto wape muhogo wa kuchoma na karanga wakirudi shule, kabla hawajaona cha jirani.

Kilichobaki kimekuwa kigumu

Ugali wa muhogo ukipoa hukakamaa, na ukiuchemsha upya unarudi kuvutika. Ukate vipande vyembamba ukiwa wa baridi, uukaange kwa mafuta kidogo mpaka pande zote mbili zikauke, uule na chai. Viazi na muhogo uliolala vipashwe kwa mvuke, au vipondwe na vitunguu na dagaa waliokaangwa, vifinyangwe na kuchomwa kwenye kikaango. Samaki wa jana aliyelala nje ya friji msimu wa joto asipashwe. Hata kama hajaanza kunuka, mtupe.